Kisawe si Maana: Uhakiki wa Kamusi na Mbinu za Kujifunzia Msamiati wa Kiingereza kwa Wazungumzaji wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki mbinu mbili ambazo kwa muda mrefu zimetumika kumfundisha mzungumzaji wa Kiswahili msamiati wa Kiingereza. Ya kwanza ni mbinu ya visawe, ambapo neno la Kiingereza huwekwa mkabala wa neno la Kiswahili na mwanafunzi akayakariri yote mawili. Ya pili ni mbinu ya lugha moja, ambapo maana ya neno hutolewa kwa Kiingereza kitupu na Kiswahili huachwa nje ya mlango wa darasa. Wafuasi wa mbinu hizi wamebishana kana kwamba hakuna ya tatu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba zote mbili zimekosea mahali pamoja: hazikuanza na mjifunzaji, yaani lugha aliyo nayo tayari na kazi anayotaka kuifanya kwa neno jipya.

Suala hili si la wanaleksikografia peke yao. Nchini Tanzania Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 1967, na Kiingereza kimebaki kuwa lugha ya kufundishia kuanzia sekondari. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Miaka miwili baadaye Criper na Dodd (1984) walionyesha kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kuyafuata masomo yao. Mjadala wa lugha ipi itumike umeandikwa sana na makala haya hayatauingia. Wakati wakubwa wanajadiliana, mwanafunzi ana mtihani mwezi Novemba.

Mfano mmoja ndio uliomsukuma mwandishi kuandika. Nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya sekondari, nilisahihisha jibu la Historia kwa swali lililomtaka mwanafunzi 'account for' kuanguka kwa biashara ya masafa marefu Afrika Mashariki. Mwanafunzi aliandika kurasa mbili nzuri. Alizitaja njia za misafara, bidhaa, Wanyamwezi, Wakamba na Wayao, masoko ya pwani. Hakuandika sababu hata moja ya kuanguka kwa biashara hiyo. Nilipomwuliza, alinionyesha daftari lake la msamiati: 'account', hesabu, maelezo. Naye alikuwa ametoa maelezo. Mtoto yule aliijua historia; asichokijua ni neno 'for'.

2.0 Kamusi zilizotazama upande mmoja

Daftari la mwanafunzi yule lina ukoo mrefu. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya A. C. Madan ilitoka mwaka 1894, na ile ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Madan alikuwa mmisionari wa UMCA, na aliokusudia kuwasaidia walikuwa wageni wenzake waliokwisha kukijua Kiingereza na kukihitaji Kiswahili. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, iliichukua kazi hiyo na kuipanua chini ya Frederick Johnson. Mwaka 1939 zikachapishwa kamusi mbili, moja ya Kiingereza na Kiswahili na nyingine ya Kiswahili na Kiingereza, ambazo zilibaki mezani mwa walimu kwa miongo kadhaa.

Kwa nje, juzuu mbili hizo zinaonekana kuwatendea haki watu wa lugha zote mbili. Uhakiki wa makini unaonyesha vingine. Kwa Mwingereza, juzuu ya Kiingereza na Kiswahili ilikuwa ya kusemea: analo neno lake, anatafuta la kumwambia Mswahili. Juzuu ya Kiswahili na Kiingereza ilikuwa ya kuelewea. Kwa Mswahili kazi hizo hubadilishana: juzuu ya kwanza inakuwa ya kuelewa anachokisoma, na ya pili inakuwa ya kuandikia. Lakini kazi zilipobadilishana, maelezo yaliyomo ndani ya vitomeo hayakubadilika. Yalibaki kuwa maelezo ya kumwongoza mgeni achague neno sahihi la Kiswahili. Juzuu zote mbili, kwa hiyo, zimetazama upande mmoja.

Tuchukue kitenzi 'carry'. Mgeni anahitaji kuonywa kwamba mtoto mgongoni huelekwa, mtoto mapajani hupakatwa, mzigo hubebwa, na ukiwa wa kichwani mtu hujitwika. Onyo hilo ni la thamani kubwa kwake. Mswahili aliyajua hayo yote kabla ya kuanza shule, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuelekwa na kupakatwa. Anachohitaji kuambiwa ni kitu kingine: wapi Kiingereza hutaka 'carry', wapi 'take', wapi 'bring', wapi 'hold'. Kwamba 'bring' huelekea alipo msemaji au atakapokuwapo, na 'take' huondoka hapo. Kwamba mwalimu akisema 'bring your exercise books', na mwanafunzi akajibu 'I will carry them tomorrow', hajakosea sarufi yoyote, lakini hajasema kile ambacho Mwingereza angesema.

Au tuchukue 'rice'. Kamusi ya kumhudumia mgeni italazimika kumweleza mpunga, mchele na wali, na ikifanya hivyo itakuwa imefanya kazi yake. Kwa Mswahili, 'rice' ni miongoni mwa maneno mepesi kuliko yote: liko moja tu, shambani, gunia na sahani kwa pamoja. Haihitaji kupewa zaidi ya mstari mmoja. Mahali panapohitaji mistari mingi ni pale ambapo Kiingereza kimegawa na Kiswahili hakikugawa. Kidole ni 'finger' kikiwa cha mkono na 'toe' kikiwa cha mguu. Mkono ni 'hand' kuanzia kifundo kwenda vidoleni, na 'arm' kuanzia kifundo hadi begani. Mguu nao umekatwa vivyo hivyo kuwa 'foot' na 'leg'. Mgonjwa akimwambia daktari asiyejua Kiswahili kwamba 'hand' ndiyo iliyovunjika, daktari atautazama mkono mahali pasipo.

Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na TUKI mwaka 1996 ilikuwa hatua kubwa, na haifai kuwekwa kapu moja na zilizotangulia. Ni kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inawatazama watumiaji wa Kiswahili, na katika vitomeo vingi inatoa vifungu vya matumizi pamoja na tafsiri zake. Msomaji anayekutana na neno la Kiingereza katika kitabu atasaidiwa nayo. Tatizo linabaki kwa anayeandika. Huyu atakimbilia kamusi ya upande wa pili, ile ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 2001, na humo mara nyingi atakuta visawe vilivyofuatana kwa mkato. Mkato ni alama ndogo inayobeba mzigo mkubwa mno. Haimwambii msomaji kama maneno mawili yanaweza kubadilishana nafasi, au moja ni la barua rasmi na jingine la kijiweni, au moja huchukua yambwa na jingine halichukui. Mwanafunzi huchagua la kwanza, au lile refu zaidi akidhani ndilo la kisomi. Walimu wa Kiingereza wanaulipa mkato huo kwa wino mwekundu.

3.0 Neno na maneno linaloandamana nayo

Mara nyingi hudaiwa kwamba wazo la kulijua neno kwa maneno yanayoandamana nalo ni la kigeni, na husemwa kuwa ni la J. R. Firth na wanafunzi wake wa Uingereza. Ni kweli kwamba Firth alilipa nadharia. Hata hivyo, mzungumzaji wa Kiswahili analijua jambo hilo kwa ulimi wake. Kitenzi 'piga' kinatosha kuwa ushahidi. Tunapiga simu, pasi, picha, mswaki, deki, kura, magoti, chafya, miayo, mbizi, hodi, hesabu na hatua. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayedhani kwamba anayepiga pasi anaipiga pasi kofi. Maana haimo katika 'piga' wala katika 'pasi'. Imo katika kukaa kwao pamoja.

Mtoto huyohuyo akiingia darasa la Kiingereza, maarifa hayo huwekwa kando. Anafundishwa kwamba 'piga' ni 'beat', kisha anachekwa akisema 'beat a picture'. Hakuna aliyemwambia kwamba Kiingereza nacho kina vitenzi vya namna hiyo, ila si vilevile: picha 'huchukuliwa' kwa 'take', kura 'hutupwa' kwa 'cast', simu 'hufanywa' kwa 'make'. Mahali pengine Kiingereza kimelifanya jina lenyewe kuwa kitenzi, kama 'iron', 'brush' na 'phone'. Na mahali pengine hakina kifungu kabisa bali neno moja tu: 'sneeze', 'yawn', 'kneel', 'dive'. Kwa hiyo kisawe cha 'piga' hakipo. Kipo kisawe cha 'piga magoti', na kingine cha 'piga kura'. Kipimo cha kujifunzia msamiati kingepaswa kuwa kifungu, si neno pweke. Na Kiswahili ndicho kingekuwa mwalimu wa kwanza wa somo hilo.

Kitenzi 'shinda' kinaonyesha hatari ya aina nyingine. Timu yetu iliishinda timu yao. Mwanafunzi anayejua kwamba 'shinda' ni 'win' ataandika 'our team won their team', na sentensi hiyo husikika kila wiki katika viwanja vyetu. Katika Kiingereza 'win' huchukua mchezo, kombe au zawadi. Mpinzani huchukuliwa na 'beat' au 'defeat'. Mtihani haushindwi kwa kitenzi chochote kati ya hivyo, bali kwa 'pass'. Na anayeshinda nyumbani hajamshinda mtu. Ametumia siku yake yote huko. Maana nne za Kiswahili zimekaa katika kitenzi kimoja kwa amani, na kila moja ina mlango wake katika Kiingereza.

'Sikia' ni hivyohivyo. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi, njaa na uchungu. Kiingereza kimemgawia kila mlango wa fahamu kitenzi chake, hivyo 'hear' haiwezi kuvuka sikio. Kosa la 'I am hearing cold' halitokani na uvivu. Linatokana na mwanafunzi kufanya kile alichofundishwa, yaani kubadilisha neno kwa neno.

Lakini mfano ninaouona kuwa mzito kuliko yote ni 'azima', kwa kuwa unaonyesha kwamba lugha mbili zinaweza kulipanga tendo moja kwa kanuni zinazotofautiana. Tunasema 'nimeazima kitabu kwa Asha' na pia 'naomba uniazime kitabu'. Kitenzi ni kimoja kwa anayetoa na kwa anayepokea. Kinachotofautisha ni kiambishi cha yambwa na kihusishi. Kiingereza kinatofautisha kwa mizizi: anayepokea ana 'borrow', anayetoa ana 'lend'. Hivyo 'borrow me your book' ni sentensi yenye mantiki kamili ya Kiswahili. Jambo la kushangaza ni kwamba Kiswahili chenyewe kina mpaka huohuo kwa upande wa fedha: mtu hukopa, mwenzake humkopesha. Mwalimu anayesema '"borrow" ni kama kukopa, "lend" ni kama kukopesha, hata kama kitu ni kitabu' ametumia sentensi moja ya Kiswahili kufanya kazi ambayo ukurasa mzima wa fasili za Kiingereza ungeifanya kwa taabu. Katika kamusi nilizozitumia tangu shuleni sijakutana na sentensi hiyo.

4.0 Kauli ya kutendea na kosa la vihusishi

Makosa ya vihusishi kwa kawaida hushughulikiwa katika somo la sarufi. Mwandishi anaona kwamba ni makosa ya msamiati, na kwamba chanzo chake kimo katika mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili. Tunapoandika barua kwa mtu, tunamwandikia. Anayelia kwa ajili ya kitu anakililia. Anayekimbia kwenda mahali anapakimbilia. Uhusiano ambao Kiingereza huuweka nje ya kitenzi, Kiswahili huuweka ndani yake. Mwanafunzi anayejifunza kwamba 'andika' ni 'write' hajajifunza 'andikia' ni nini, na katika orodha nyingi za msamiati kauli ya kutendea haimo kabisa.

Matokeo yake huenda pande mbili. Mara kihusishi hudondoka. Mara nyingine, na hili halisemwi vya kutosha, kihusishi huongezwa pasipohitajika. 'Discuss about' ni kosa la wasomi, linasikika hata katika semina za vyuo vikuu. Katika Kiingereza 'discuss' huchukua yambwa moja kwa moja. Kwetu tunajadili kuhusu jambo au tunalizungumzia, na sikio linahitaji kusikia ule uhusiano ukitajwa. Mwanafunzi hakuiga kosa tu kwa mwenzake. Amekitendea kitenzi cha Kiingereza kama anavyokitendea chake.

A. S. Hornby aliliona tatizo kama hili kwa wanafunzi wa Japani. Kamusi aliyoiandaa na wenzake, iliyotolewa Tokyo mwaka 1942 na baadaye kuchapishwa tena na Oxford mwaka 1948, ilipanga vitenzi katika ruwaza 25, ili mwanafunzi ajue kitenzi kinafuatwa na nini. Kwa maoni yangu huo ndio mchango mkubwa kuliko wote uliotolewa na kamusi kwa mjifunzaji wa karne iliyopita. Ila ruwaza hizo zilitolewa kwa alama na namba, na ni wanafunzi wachache wenye subira ya kuzisoma. Kwa Mswahili njia fupi ipo: kuweka kitenzi cha Kiingereza mkabala wa umbo lililonyambuliwa, yaani 'write to' mkabala wa 'andikia', 'cry for' mkabala wa 'lilia', na 'discuss', pasipo chochote, mkabala wa 'zungumzia'.

5.0 Makerere na baada yake

Mbinu ya lugha moja haikuzuka hewani. Mwaka 1961, mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili ulifanyika Makerere, Uganda, na moja ya kauli zilizopata nguvu huko ni kwamba Kiingereza kifundishwe vyema kwa Kiingereza peke yake. Robert Phillipson (1992) aliihesabu kauli hiyo miongoni mwa imani tano zisizo na msingi zilizoenezwa na mkutano ule. Uhakiki wake ni wa kisiasa zaidi. Wa makala haya ni wa kimaana.

Haki itendeke kwanza. Kamusi wahidiya za wajifunzaji zina fadhila ambazo kamusi thaniya hazikuwahi kuzifikia. Michael West, aliyefundisha Bengali, alihesabu ni maneno gani yanayomfaa mjifunzaji kwanza, na orodha yake ya mwaka 1953, yenye vidahizo takribani 2000, haikuishia kwenye maneno: ilionyesha kwa asilimia ni maana ipi ya kila neno inayotumika zaidi. Ni busara ambayo bado hatujaifanyia Kiswahili. Longman walitoa mwaka 1978 kamusi iliyofasili maneno yake kwa msamiati uliowekewa mpaka wa maneno yapatayo 2000. COBUILD ya mwaka 1987, iliyosimamiwa na John Sinclair huko Birmingham, ilitumia matini zilizokusanywa katika kompyuta, na fasili zake ni sentensi kamili ambamo neno lenyewe limetumika. Msomaji hupata maana na matumizi kwa pumzi moja.

Na bado kamusi hizo zinamtaka mwanafunzi avuke mto kwa daraja ambalo mbao zake ziko ng'ambo. Ili aelewe fasili ya neno moja, sharti awe na maneno mengine elfu mbili. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hana. Kinachotokea darasani ni kwamba mwalimu anafasili neno kwa Kiingereza, darasa linaitikia 'yes', kisha mwanafunzi mmoja anamnong'oneza mwenzake kisawe cha Kiswahili na mnong'ono unapita madawati yote. Kiswahili hakikuondoka darasani. Kimegeuzwa kuwa cha chinichini tu, na kwa kuwa ni cha chinichini hakuna anayekisahihisha. Kisawe kibovu kilichonong'onwa hukaa kichwani kwa miaka.

Hasara ni kubwa zaidi katika sayansi. Kiswahili cha shule kimekuza istilahi zinazopambanua mambo ambayo lugha ya kila siku imeyachanganya: tungamo na uzito, kani na nishati, joto na halijoto. Mwanafunzi aliyekwisha kuelewa kwamba tungamo haibadiliki hata mwezini, ilhali uzito hubadilika, amelielewa jambo lenyewe. Akikutana na 'mass' na 'weight', kilichobaki ni kubandika jina jipya juu ya dhana aliyo nayo. Asipoonyeshwa kwamba dhana anayo, ataanza upya kwa fasili mbili za Kiingereza zinazofanana, na zote ataziita 'uzito'.

Nation (2001) anatukumbusha kwamba kulijua neno ni kulijua umbo lake, maana yake na matumizi yake, na kila kimoja kina matawi. Fikra hiyo inasaidia kuona kwamba ugomvi wa lugha gani itumike umeulizwa vibaya. Maana inaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila hasara, na mara nyingi kwa faida. Matumizi hayawezi, hayo lazima yaonekane katika sentensi za Kiingereza. Kamusi za namna hiyo, zenye fasili na mifano ya Kiingereza pamoja na msaada wa lugha ya mjifunzaji, zipo kwa lugha nyingine. Laufer na Hadar (1997), walipowapima wanafunzi wa Kiingereza nchini Israeli, waliona kwamba kwa jumla kamusi ya aina hii iliwasaidia zaidi ya ile ya lugha moja au ile ya visawe.

Inafaa kutaja kwa ufupi maneno ya mkopo, ambayo walimu huyahesabu kuwa msaada. Si yote. Katika miji yetu mingi hoteli ni mahali pa kula, na anayeuliza 'hotel' London ataonyeshwa mahali pa kulala. Kilabu cha pombe za kienyeji si 'club'. Kiplefti kimetokana na amri ya Kiingereza ya kushika kushoto, lakini Mwingereza akiambiwa akutane na mtu kwenye 'keep left' hatafika. Na 'sorry' tumeipa roho ya 'pole': tunamwambia aliyejikwaa, ingawa hatukumkwaza, naye mgeni anashangaa tunaomba radhi ya nini. Hapa binafsi ninasita kuita kosa. Kiingereza cha Afrika Mashariki kilihitaji 'pole', na kimejipatia.

6.0 Kitomeo cha namna nyingine

Uhakiki usioonyesha mbadala ni lawama. Kwa sababu hiyo mwandishi ameandika kitomeo kimoja, cha neno lililomgharimu mwanafunzi aliyetajwa mwanzoni, kwa kanuni zilizotetewa hapo juu: maana kwa Kiswahili, matumizi kwa Kiingereza, na onyo pale ambapo Kiswahili kinaweza kumvuta mjifunzaji pembeni.

account for: Katika swali la mtihani, toa sababu. Ukiambiwa 'Account for the decline of the trade', anayeuliza anajua kwamba biashara ilianguka. Usimweleze ilikuwaje, mweleze kwa nini ilianguka. Linalofuata 'for' ni jambo lililotokea. Katika fedha: 'The treasurer could not account for the money', mhazini alishindwa kuonyesha fedha zilikokwenda. Katika takwimu: 'Coffee accounts for a large share of the exports', kahawa ni sehemu kubwa ya mauzo hayo, hapa hakuna sababu inayotolewa. Tofautisha na 'give an account of', ambayo ni kusimulia jambo lilivyotokea toka mwanzo hadi mwisho. Haisemwi 'account about', wala 'account the decline'.

Kitomeo hiki kina maneno yapatayo 90. Mchapishaji atauliza, kwa haki, kamusi nzima ya namna hii itakuwa nene kiasi gani. Tukichukua vidahizo 2000 vya West na kukipa kila kimoja maneno 100, tunapata maneno 200,000, ambayo ni juzuu moja nene lakini inayobebeka. Hata hivyo si lazima kuanza na vyote. Maneno yanayotumika kuulizia maswali ya mitihani ya sekondari, kama 'outline', 'describe', 'assess', 'examine', 'justify' na 'distinguish', hayafiki hamsini, na mengi kati yake katika madaftari ya wanafunzi wetu yana kisawe kimoja tu: eleza. Kijitabu cha kurasa ishirini kingeyatosha. Mwandishi amekwisha kuyaandika kumi na mawili.